Za Cheni Zilikuwa Zimekwisha

Dada yangu alinituma kitu kimoja tu: rotaveta ya cheni. Rotaveta ni lile jembe linalofungwa nyuma ya trekta, visu vyake vikizungushwa kwa cheni au kwa gia na kusaga udongo. Trekta lenyewe, dogo, la mtumba, tulikuwa tumelinunua pamoja. Shamba lilikuwa lake, huko Mnyuzi, kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge zamani. Mumewe alishafariki, shamba hilo ndilo linalomlisha, na goti lake la kulia lilikuwa limeshagoma kukunjika. Masika yalikuwa yanakaribia.

"Mdogo wangu, chukua ya cheni," aliniambia kwenye simu. "Cheni ikikatika, fundi wa hapa stesheni anafunga nyingine siku hiyo hiyo. Hizo za gia sijui nani atazigusa."

"Sawa dada, nimekusikia." Na kusikia nilisikia.

Mimi naishi Mkata, nauza vitenge kando ya barabara, na mdomo ninao. Ila sipendi kuchekwa. Jirani yangu wa kibanda cha pili, ambaye mumewe ana trekta, aliponisikia nikitaja cheni alicheka mpaka akashika meza. "Cheni? Shoga, unanunua rotaveta au baiskeli?" Nilicheka naye, lakini liliniingia. Nilifika Korogwe nimeshachokozeka tayari.

Muuzaji alikuwa mzee mpole. Aliniuliza ardhi yetu ikoje, nikamwambia ni ya mkonge wa zamani. "Basi mama, ya cheni itakufaa zaidi. Ya gia ni ngumu, inadumu, sikatai. Lakini meno yakiharibika, kipuri kinatoka Dar, na hujui kitafika lini." Za cheni zilikuwa nne, zimepangwa ukutani. Mimi nikaona ananipima kwa kandambili zangu.

"Ebo! Kwani mimi nimeonekana mtu wa vitu vya rahisi?"

"Hapana mama, samahani," akasema, akanifungia ya gia.

Dada alipopiga simu kuuliza, sijui hata maneno yalitoka wapi. "Nimepata ya gia, dada. Za cheni zimekwisha. Nimezunguka Korogwe nzima."

"Pole sana kwa kuhangaika, mdogo wangu."

Jamani, ile pole! Ningeweza kusema pale pale, maana rotaveta ilikuwa bado haijapakiwa. Nikasimamia ikipakiwa.

Siku za mwanzo ililima vizuri mno. Nilimpelekea picha yule jirani yangu, nikajidai wee. Halafu, mvua za kwanza zilipoanza, nikapigiwa simu kwamba imekwama, inalia kama inasaga mawe. Nikafunga kibanda, nikaenda Mnyuzi.

Fundi aliifungua tukiwa tumesimama hapo, mimi na dada. Kwenye shafti alichomoa singa za mkonge zilizojisokota zikawa kamba nene kama kidole. Singa hubaki ardhini miaka mingi baada ya mkonge kufa. Hizi zilijiviringa zikala sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, oili ikavuja yote, gia zikasagana kavu mpaka meno yakaisha.

"Nyie watoto wa mkonge kabisa," fundi akasema, "hamzijui singa?"

Tulizijua. Baba yetu alikata mkonge maisha yake yote, na sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tukizikwangua kwenye magurudumu ya toroli za shamba. Ila hii ilikuwa mashine mpya inayong'aa, na hakuna aliyefikiri kuinama kuitazama. Kosa hilo tuligawana. Lakini fundi akaendelea: "Hata ya cheni ingeharibika. Ila ingekuwa ya cheni, kesho mngekuwa mnalima."

Kabla sijafungua mdomo, dada akanitetea. "Za cheni zilikuwa zimekwisha, fundi. Mdogo wangu alizunguka Korogwe nzima."

Kipuri hakikuja wiki ile, wala iliyofuata. Mvua haikutusubiri. Dada akachukua jembe la mkono. Kwa kuwa goti halikunjiki, alikaa chini kabisa, mguu ameunyoosha mbele, akawa analima ubavuni mwake na kujisogeza kwa makalio, kipande kwa kipande, kanga yote tope. Nililima pembeni yake siku nne mpaka viganja vikachubuka. Kila tulipopumzika nilitaka kumwambia, na kila mara nikamwomba maji badala yake. Nilijichukia kweli kweli. Mvua zilipopungua tulikuwa tumepanda kona moja tu ya shamba.

Kipuri kilipofika tulikwenda wote wawili kukichukua. Nilimwambia apumzishe mguu, akakataa. Yule mzee alinikumbuka mara moja.

"Mama, si nilikuambia uchukue ya cheni? Hizi hapa, zile zile nne za siku ile, hakuna hata moja iliyotoka."

Dada alizitazama. Alipitisha kidole juu ya moja, kikatoka na vumbi. Kisha akamwambia mzee, "Tupatie hicho kipuri," akakifunga kwenye kanga yake.

Tukiwa njiani nikaanza, "Dada..."

"Angalia mkoba wako usije ukaanguka," akasema.

Siku ya kuvuna nilikwenda kumsaidia. Mahindi yake yote yalienea kwenye mkeka mmoja. Jirani yake alikuja kutusalimia, akayatazama, akauliza imekuwaje na trekta tunalo. Nikaacha kupukuchua. Nilisubiri dada aseme ukweli, Mungu wangu, nilitamani aseme.

"Rotaveta iliharibika," dada akajibu, mikono ikiendelea na kazi. "Za cheni zilikuwa zimekwisha. Mdogo wangu alizunguka Korogwe nzima."

"Basi una mdogo mwema," jirani akasema.

"Ninaye," dada akasema, akanisogezea gunzi lingine.