Kondoo wa Uzazi wa Nainokanoka

Ukitaka kumwona Dokta Nosim akicheka mpaka machozi yamtoke, mwulize habari za makala yake ya kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza amepata shahada ya uzamivu, kichwa kimejaa, akarudi kwao Nainokanoka kuwauliza kina mama: umezaa watoto wangapi, wangapi wamefariki? Binti wa Kimaasai, aliyezaliwa kwenye baridi ya milima hiyo hiyo, akasahau kwamba kwao watoto hawahesabiwi na marehemu hatajwi jina. Kina mama wakamwonea huruma, wakamjibu kwa adabu kwamba wote wazima. Makala ikachapishwa, na kwa mujibu wake Nainokanoka hakuna mtoto anayekufa!

Aliandika masahihisho mwenyewe, kwa jina lake, bila kusukumwa na mtu. Wasomi wanaofanya hivyo ni wa kutafuta kwa tochi. Baadaye alichapisha mengi, juu ya homa ya maziwa mabichi Kakesio, juu ya macho ya watoto Soitsambu, lakini Nainokanoka ilibaki donge rohoni.

Mpaka alipokaa chini akawasikiliza kina mama wakipiga soga. Mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo, anywe supu na mafuta, apate nguvu. Kondoo huyo hasahauliki. Basi Nosim akaacha kuuliza habari za watoto, akawa anauliza habari za kondoo: alikuwa wa rangi gani, alitoka zizi la nani, yalikuwa masika, kiangazi au miezi ya baridi? Wakasimulia kwa raha, kondoo mmoja baada ya mwingine. Kisha akawasalimia watoto wa nyumba ile. Palipokuwa na kondoo lakini hapana mtoto wa kusalimiwa, alielewa, na mama aliona kwamba ameelewa. Ikadhihirika kuwa wengi walioondoka ni wale ambao kondoo wao alichinjwa miezi ya baridi, na daftari la zahanati lilionyesha kuwa miezi hiyo ndiyo nimonia huzidi.

Ni makala hiyo tu iliyokuwa imebaki apate uprofesa. Akaipeleka kwenye jarida kubwa la ng'ambo. Wahakiki, watu ambao nadhani kondoo wamemwona kwenye sahani tu, wakajibu kwamba njia hiyo haiaminiki. Arudi akachukue majina ya marehemu, la sivyo makala haitoki.

"Dada, kawaulize tu," alimwambia Dokta Josephati, mwenzake ofisini. "Wanakupenda. Hawatakunyima."

Hilo ndilo lililomwogopesha. Hata hivyo alipanda gari mpaka Nainokanoka, kwa mama mzee Seenoi, mmoja wa waliomsimulia habari za kondoo, kwa sababu uprofesa aliutaka, na aliutaka sana.

"Takwenya," Seenoi alimsalimu.

"Iko, yeyo," akaitikia, kama binti anavyomwitikia mama yake, kisha akaeleza shida yake huku akitazama moto.

Seenoi alijitanda shuka vizuri. "Kama bila majina kazi yako inaanguka, mwanangu, mimi nitakutajia. Wangu wa kwanza. Tangu siku ile jina lake halijapita mdomoni mwangu. Aliitwa..."

"Yeyo, basi!" Nosim alimshika mikono yote miwili. "Usitaje. Nakuomba, usitaje."

Wakalia pamoja, na hakuna aliyeona haya.

Alipofika mjini Karatu, Nosim alimwandikia mhariri kwamba anaiondoa makala yake. Ilitoka baadaye kwenye jarida dogo la hapa nchini, lenye alama chache mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Uprofesa ukampita. Iliuma, na hasemi kwamba haikuuma.

Juzijuzi mkaza mwana wa Seenoi, aliyeolewa hapo karibuni kutoka mbali, aliona gari likisimama nje ya boma akanung'unika, "Watafiti tena! Huyu naye ni nani?"

Seenoi alikwisha kuinuka kwenda kumpokea mgeni.

"Huyu," alisema, "ndiye aliyenizuia."