Laini Niliyoizika Ikafufukia Sebuleni

Nichekeni sasa, nikiwa bado nina ndoa. Mama mkwe alikuwa akinipigia kutoka Kenya kila asubuhi, hadi nikachoka. Nikamwambia laini yangu ya nyumbani imekufa, kwa sababu simu yangu mpya ya Marekani ni ya eSIM tu, haina pa kuingiza kadi. Hilo la simu ni kweli. Nilichoficha ni kwamba kadi yenyewe iko kwenye simu yangu ya zamani, na marafiki zangu wote wananipata humo.

Juzi akaja kututembelea hapa Katy, Marekani. Mbele ya wageni wa kanisani nikajitia mhadhiri: eSIM haipotei, haihitaji kile kisindano cha kuchomolea kadi, ila ubaya wake, mama, laini ya zamani inabaki yatima.

"Pole, Baba Neema," mama mkwe akasema, akitoa simu yake. "Wacha nipige, nijue kama kuna mwizi anaitumia."

Koti langu lililoning'inia kitini likaanza kulia. Neema, binti yangu asiyetumwa, akachomoa simu mfukoni na kusoma jina kwa sauti:

"Daddy, 'Usipokee' ni nani?"