Bi Ila na Fundi Asiye na Ila

Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho alichobandika kifuani, lakini hakuna anayehangaika kulisoma. Kituo kizima cha afya, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari, kinamwita Bi Ila, na mwenyewe huitika bila kununa.

Jina hilo kalipata kazini. Yeye ndiye nesi wa chumba cha kwanza, mgonjwa anapoulizwa maswali kabla ya kumwona daktari, na ugumu wa chumba hicho ni kwamba watu wetu wana adabu mno. Mtu kaletwa amebebwa, homa imempanda, midomo imemkauka, ukimuuliza habari yake anakujibu, "Nzuri." Hujambo? Sijambo. Nyumbani? Salama. Ukiyaandika majibu hayo kama yalivyo, utamrudisha nyumbani na uzima wake akafie huko. Bi Ila haandiki. Anaweka kalamu chini, anamfunga mkono kipimo cha presha taratibu kama mtu asiye na pa kwenda, na anasubiri. Kimya kikizidi mgonjwa hujikuna, hutazama dirisha, kisha hulitoa lenyewe: "Nzuri, ila..." Hapo ndipo kalamu inapookotwa.

Kiti cha mgonjwa amekiweka ubavuni mwa meza, maana anasema ukimkalisha mtu ng'ambo ya meza atajiona yuko polisi. Nyumbani kwake nako mambo ni yaleyale. Mumewe analalamika kwamba hawezi hata kusema siku ilikuwa njema bila kukodolewa macho. "Mke wangu, leo sina ila," humwambia. "Nipe chakula."

Asubuhi moja akaingia fundi rangi, mzee mwembamba mwenye madoa meupe kichwani, ambayo mengine yalikuwa rangi na mengine mvi. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Kizunguzungu kilikuwa kimemwangusha tena kwenye ngazi akiwa anapaka ukuta, na safari hii alikuwa karibu na dari. Kiwiko kilichubuka. Shingo ilisalimika kwa bahati tu.

"Habari yako, baba?"

"Nzuri tu, mwanangu."

"Nzuri gani!" mkewe akadakia. "Mtu anaanguka kama gunia! Andika, nesi. Kizunguzungu, miguu haina nguvu. Na presha anayo kama mimi, lakini dawa anameza kila asubuhi, namwona kwa macho yangu."

Bi Ila akatazama kadi ya fundi. Presha haikutajwa popote. Akamfunga kipimo mkononi, akakuta presha imeshuka kabisa, ya mtu asiyehitaji dawa yoyote ya kuishusha. Akamtazama fundi mwenyewe. Fundi akatazama viatu vyake.

"Mama, hebu pita mlango wa pili, mwenzangu akupime na wewe, maadamu umeshafika."

"Na huyu nani atamsemea?"

"Atajisemea."

"Huyu? Basi tutalala hapa." Akatoka akiguna.

Fundi, ambaye sifa za Bi Ila zilikuwa zimeshamfikia, akajihami mapema. "Mimi sina ila yoyote."

"Basi wewe malaika," Bi Ila akacheka. "Acha nikae kidogo na malaika." Akaweka kalamu chini, akasubiri. Fundi akajikuna kiwiko, kikamuuma.

"Ila usimwambie bibi," akanong'ona, kisha akasimulia yaliyopita.

Mkewe alipoambiwa kwamba dawa za presha ni za maisha, alizitupia juu ya kabati. Alisema hawezi kukaa peke yake kila asubuhi anameza vidonge kama mtu anayengoja siku yake. Fundi alibembeleza mpaka akachoka. Mwishowe akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vilevile, akarudi na uongo kwamba na yeye amekutwa na presha. Tangu hapo wanameza pamoja, kila mmoja akimchunga mwenzake asitoroke.

"Nikiacha, ataacha," akasema. "Kuanguka nitavumilia, mwanangu. Nyumba bila yeye siiwezi."

Bi Ila amesikia mengi kwenye kiti kile, lakini hilo lilimwingia. Akajifanya anahangaika na kipimo mpaka macho yalipokauka.

"Na ukivunjika shingo, baba, nani atakaa naye asubuhi?"

Bi Ila akafungua droo, akatoa pakiti ya peremende, zile nyeupe za duara anazowapa watoto wakimaliza sindano. "Daktari nitamwambia, hilo halina mjadala. Vidonge unaacha leo. Bibi utamwambia mwenyewe, siku utakapopata moyo. Mpaka hapo, meza hizi."

Daktari akacheka, kisha akamkataza fundi ngazi mpaka presha irudi mahali pake.

Mwezi uliofuata bibi alikuja peke yake kupimwa. Presha yake ilikuwa imetulia vizuri.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri. Mzee haanguki tena, karudi kwenye ngazi zake."

Bi Ila akaweka kalamu chini, kwa mazoea tu. Bibi akatazama mlango, akatazama dirisha.

"Nzuri, ila siku hizi dawa ya mzee wangu inanukia mnanaa."

Bi Ila akajiuma mdomo. "Umemwambia kwamba umejua?"

"Nimwambie ili iweje? Atadhani simhitaji tena pale mezani." Bibi akashusha mkono wa gauni lake, akainuka. "Hapo wewe andika nzuri."