Wakala Hapatikani

Wenzangu, sikieni yaliyonikuta. Ofisini kwetu, jirani na bandari ya Mtwara, bosi ndiye wakala wa forodha. Jana alikwenda Kitaya, mpakani. Mimi nikabaki nikisasisha kompyuta yenye mfumo wa Linux, ikaniuliza: "Anwani ya wakala?" Nikaandika jina la bosi na mtaa wake. Ikajibu: "Wakala hapatikani."

Nikampigia bosi, simu haiiti. Nikampigia mkewe: "Mama, hata kompyuta inasema hapatikani."

Akaja na majirani, kilio mpaka barabarani. Ndipo bosi akaingia mzima, na fundi wa kompyuta nyuma yake.

"Msiba wa nani?"

Fundi akachungulia kioo cha kompyuta. "Wakala hapa ni proksi, mtambo unaotupitishia intaneti. Nani kaandika 'Mzee Mussa, nyuma ya msikiti'?"

Kilio kikakatika. Wote wakanigeukia.