Mtu Akiwa Bado Njiani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya misheni pale Tororo, nilikuta kuku ametamia ndani ya piano, upande wa nota za juu. Mwalimu wa Kwaya, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu, aliniamuru nisiziguse mpaka vifaranga watoke. Basi nikaanza kazi kwa mkono wa kushoto peke yake, mimi niliyesomea muziki na kujiona si haba.

Kazi yenyewe ilikuwa kusindikiza. Mwimbaji anaimba, wewe uko nyuma yake kwenye piano: akikimbia unakimbia, akipotea unamtafuta, akipigiwa makofi unatazama viatu vyako. Ninyi vijana mnaoimbia midundo ya kwenye simu hamjui raha hiyo. Simu haimsubiri mtu.

Na kusubiri ndiko kulikonitoa jasho. Huku kwetu mpakani, wimbo ukikolea, jamaa za mwimbaji huinuka kwenda kumtunza. Shangazi anatoka kiti cha nyuma kabisa akicheza polepole, anamfuta mwimbaji jasho, anamvisha shada, kisha anarudi akicheza vilevile. Nilimweleza Mwalimu wa Kwaya kwamba watunzi wa Ulaya hawakuandika nafasi ya shangazi. Alinitazama kwa huruma.

"Mtu akiwa bado njiani, muziki haukatiki," akasema. "Utamwacha katikati ya ukumbi na aibu yake?"

Akanifundisha kuzungusha: unachukua kijisehemu cha wimbo, unakirudia na kukirudia, mwimbaji anavuta pumzi, mpaka mgeni wako arudi kitini. Nilinuna wiki nzima, lakini nilijifunza.

Kisha nikahamishiwa Busia, upande wetu wa Uganda. Mkuu wa Shule wa huko alikuwa mama mkali aliyeiona piano kama meza yenye kelele. Alipanga vikombe vya chai juu yake, nami palipoandikwa nipige kwa nguvu nilipiga kwa adabu. Huko ndiko nilikompata Athieno, binti kutoka kijijini Molo. Siku alipofungua kinywa, Mkuu wa Shule mwenyewe aliondoa vikombe. Athieno alitaka kusomea ualimu wa muziki chuoni, na nafasi ilikuwa moja tu, ya kushindaniwa kwa mtihani wa kuimba. Sharti la Mtahini aliyetumwa na chuo lilikuwa wazi: muziki ukikatika, mtihani umekwisha.

Jamaa waliruhusiwa kusikiliza, na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Athieno alikuwa amefika ubeti wa pili nilipomwona bibi yake akiinuka kule nyuma na kitenge kipya mkononi. Nikaanza kuzungusha. Athieno akaelewa, akanyamaza. Mtahini, macho yake kwenye nota, akafunua ukurasa, akaurudisha, akaufunua tena. Bibi akafika, akamfunga mjukuu kitenge, akamfuta uso. Nilidhani tumepona, kumbe zamu yangu ilikuwa imefika.

"Mwalimu, wewe nayo nafanya kazi mingi," akaniambia, mkono ameunyoosha. "Kuja nikusalimie."

Mkono wa bibi haukataliwi. Nikampa wa kulia, wa kushoto ukaendelea peke yake, na moyoni nikamshukuru yule kuku wa Tororo. Bibi aliporudi kitini, Athieno aliudaka wimbo pale pale alipouachia.

Mtahini akauliza hilo lilikuwa toleo gani la wimbo. Nikamwambia ni la Molo. Akaandika.

Athieno aliipata nafasi. Nililia, nikasingizia vumbi la malori.

Mwaka jana nilistaafu. Athieno, sasa mwalimu wa muziki katika shule ile ile, aliimba kwenye hafla ya kuniaga, nami nikamsindikiza kwa mara ya mwisho. Bibi akainuka kule nyuma, safari hii na mkongojo. Nikaanza kuzungusha kama kawaida, nikijua anakwenda kwa mjukuu wake. Akampita. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili, akanifunga kitenge.

Piano ikanyamaza. Nilishikwa na hofu kweli, maana bibi alikuwa bado hajarudi kitini.

Ndipo nikakisikia kile kijisehemu kikiendelea. Athieno alikuwa anakiimba midomo imefungwa, anakirudia na kukirudia, akitusubiri. Nikasimama, nikamshika bibi mkono, tukarudi naye hadi kiti cha nyuma kabisa tukicheza polepole.