Madam Specioza Kwenye Sinia Letu

Madam Specioza anatembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na anakula hivyohivyo. Alitoka Muleba zamani, amefundisha hapa Bariadi mpaka anatusuta kwa Kisukuma, lakini tonge moja analitafuna hadi unajiuliza limekwama wapi. Shuleni yeye ndiye mwalimu wa malezi. Mwanafunzi mgeni akilia, anapelekwa kwake.

Winnie hakulia. Alikuja kutoka Tororo, Uganda, baba yake alipopata kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mchana akawekwa kwenye sinia letu la wasichana. Kwao kila mtu na sahani yake, kwa hiyo alinawa, akakaa, akangoja akaribishwe. Mwenzetu Felisita wakati huo alikuwa ameshavuka katikati ya ugali. Winnie alipochoka kungoja, sinia lilikuwa linang'aa.

Ikawa hivyo kila siku. Sketi ikaanza kumpwaya. Baba yake akasema mwezi ukiisha kama bado hali chakula, anamrudisha kwa bibi Tororo. Winnie hakutaka. Alisema kwa bibi kuna kila kitu, ila baba hayupo.

Madam hakutugombeza. Alikuja na kigoda chake, akanawa, akajisogeza kwenye sinia letu.

"Endeleeni, wanangu."

Tuendelee vipi? Sisi kwetu mtoto hagusi mboga kabla ya mkubwa, wala hashindani naye mbio. Madam akamega tonge, akaliviringa, akaanza kusimulia ndizi za mama yake. Tukangoja. Felisita alimeza mate mpaka nikayasikia.

"Felisita, kuna basi unawahi?"

"Hapana, Madam."

"Basi tafuna. Na wewe Winnie, usingoje kadi ya mwaliko. Hapa ukishanawa umekaribishwa."

Winnie akacheka, akala, akashiba. Madam akawa anakuja kila mchana, na sisi wengine tukawa tunachelewa kipindi cha hesabu.

Ijumaa Madam hakuja. Alikuwa ofisini na baba yake Winnie, aliyefika kuulizia uhamisho. Walipotoka nje walimkuta binti mashavu yamejaa, kamshika Felisita kifundo cha mkono, wanagombea tonge la mwisho.

"Huyu ndiye asiyekula?" baba akauliza.

Uhamisho ukafia hapo. Madam alikuwa anaangalia sinia.

"Na mimi mmeniwekea wapi?"

Winnie akameza kwanza.

"Madam, kwani ulinawa?"