Jini Jipya na Jina la Mama

Nikiwa na miaka tisa nilimuua mama yangu, saa nane mchana, kwa padi ya gemu. Naanza na hilo msije mkasema niliwaficha. Mpaka leo nikinusa plastiki ya padi iliyoshikwa na mikono yenye ubuyu, naitupa kama imeniuma, na mimi niko kidato cha tatu, nina ndevu nne.

Siku hiyo baba alikuwa amempeleka mama hospitali Lindi kujifungua. Nilibaki Mchinga na Bibi, aliyeniamuru nikae mkekani nimwombee mama dua. Niliomba, wallahi, dakika kama tatu hivi. Kisha nikatorokea kibanda cha gemu cha Anko Shaibu, maana alikuwa ameleta toleo jipya la ile gemu ya jini la milango kumi, waliyoicheza wakubwa zetu enzi zao.

Ya zamani tuliijua. Jini lake lilikuwa vitofali sita vyekundu vinavyorukaruka kwenye kioo. Anko Shaibu aliviheshimu kama mkwe.

"Nyie hamjui," alisema. "Vile vitofali vilinikojoza kitandani. Hili la sasa wamelitia mpaka jasho. Jini gani linatoka jasho?"

"Kwa hiyo Anko, ukipita kwenye tanuri la tofali unakimbia?"

Akanizaba kofi la kisogo, akanipa padi. Lakini wimbo wa mwanzo ulipolia, uleule wa zamani, nilimwona akifuta macho na kusingizia vumbi.

Gemu ikataka jina la mchezaji. Hapo akili yangu ikafanya kazi kupita kiasi. Bibi alishatuonya kwamba jina lako halitolewi ovyo mbele ya majini. Sasa mimi nijitaje kwani nimechoka kuishi? Nikaandika la mama: MWANAHAWA. Nikajiona mjanja wa pwani nzima. Nilisahau nusu ya pili ya onyo, kwamba anayetaka kukuroga huuliza jina la mama yako, kwa sababu huko ndiko mtu anakopatikana.

Kwenye gemu ya zamani jina lilikaa kimya pembeni ya kioo. Hii mpya, jini likalitamka. "Mwa-na-ha-wa," kwa sauti ya mzungu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na padi ikatetemeka viganjani mwangu. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, kidogo, kisha nikaacha. Likamwita tena, karibu zaidi. Nikakosea kitufe mlango wa tatu. Kioo kikajaa damu, na maandishi ya Kiingereza ambayo hata mimi niliyaelewa.

"Haya, mpishe mwenzio," Anko Shaibu akasema. "Mwanahawa kafa."

Nilikimbia hadi nyumbani bila ndala. Kina mama wa jirani walikuwa wamejaa barazani, kanga vichwani. Bibi alikuwa amekumbatia simu.

"Wamempeleka kumpasua," mmoja akaninong'oneza. "Kaa utulie, baba."

Nikaenda nyuma ya choo nikasoma kila sura niliyoijua, nazo zilikuwa mbili na nusu. Nilirudia ile nusu mara nyingi kuliko zote, nikimwomba Mungu afute nilichoandika. Magharibi simu ikalia: mtoto wa kike, mama mzima. Vigelegele vikapasuka. Mimi sikuamini, jini hushindwa kuiga sauti ya mtu kwenye simu?

Kesho yake Bibi akanipeleka Lindi. Mama alikuwa amelala, mdogo wangu pembeni amekunja ngumi. Kabla hata ya shikamoo nilifunua shuka miguuni nione kama ana kwato. Vilikuwa vidole vyake vilevile, na hina imefifia. Ndipo nikalia, nikasema yote.

Siku hizi wakongwe na madogo wakibishana kibandani ipi kali, ya zamani au mpya, mimi siingilii, jambo la nadra. Vile vitofali Anko Shaibu alivijaza woga wake mwenyewe. Mimi jasho la jini halikunitisha hata kidogo, jini lilinitisha lilipotaja jina la mama, ambaye ninaye mmoja tu. Na nimekuja kuelewa kwa nini siku ile, nilipomaliza kukiri, mama alinivuta kichwa kifuani akanishikilia kwa nguvu. Jana yake aliogopa kuliko mimi. Ila hakusema hivyo. Alishika mshono wake asicheke, akasema:

"Mlango wa tatu? Yaani mwanangu unaniua mlango wa tatu, ambao mimi na Shaibu tulikuwa tunaupita huku tunakula maembe?"